Nataka Kikundi cha Kuacha Pombe Kisicho na Sala. Nichague Kipi?

SWALI: Shikamoo Mama. Mimi ni mwanamume wa miaka 39 na nimekunywa karibu nusu ya maisha yangu. Nimewahi kuacha mara mbili. Mara ya pili nilifika miezi mitano kwa msaada wa kikundi cha Hatua Kumi na Mbili, hiki cha Alcoholics Anonymous (AA). Ni watu wema, siwezi kuwasema vibaya. Ila mimi si mtu wa dini, na kila tulipofika pale pa kumkabidhi Mungu maisha yetu, macho yangu yalikuwa kwenye saa ya ukutani. Nilipomweleza mzee aliyekuwa mlezi wangu pale, alinijibu kwamba kiburi ndicho kitakachonizika. Nikaacha kwenda, na wiki tatu baadaye nikaacha na kule kuacha kwenyewe.

Sasa nimetafuta nikapata vikundi vitatu visivyofungamana na dini. Kimoja kinafuata SMART Recovery, kingine LifeRing, na cha tatu ni watu wachache tu wanaokutana kwa video, hakina hata jina. Vyote vinasema mlango uko wazi. Nichagueje? Nimepanga kunywa mara ya mwisho Ijumaa usiku, nijifungie Jumamosi na Jumapili, ili Jumatatu niingie kikundini nikiwa safi. Naona aibu kufika na mikono inayotetemeka. Asubuhi hutetemeka hadi nipate glasi ya kwanza.
Mtazama Saa

JIBU: Marahaba, mwanangu. Barua yako umeianza na paka ukaimalizia na simba, kwa hiyo nami naanzia huko mkiani.

Usijifungie. Mikono inayotetemeka hadi inyweshwe inakuambia kwamba mwili umeshaitegemea pombe. Pombe hupoza ubongo. Ubongo nao, ukipozwa kila siku kwa miaka, hujifunza kukaa umechachamaa ili mwenyewe aweze kusimama na kwenda kazini. Pombe ikikatwa ghafla, ule uchachamavu hubaki peke yake bila breki. Degedege linaweza kumpata mtu kati ya saa 6 na saa 48 tangu glasi ya mwisho. Kuweweseka, kule kwa kuona wadudu ukutani huku jasho linatoka na moyo unakwenda mbio, huja zaidi siku ya pili hadi ya nne, na huweza kuua. Hebu hesabu sasa kuanzia Ijumaa usiku hadi Jumatatu. Umechagua kuwa peke yako saa zilezile ambazo hutakiwi kabisa kuwa peke yako.

Mara yangu ya kwanza kujaribu kuacha nilifanya hivyohivyo. Nilifunga mlango, nikazima simu, nikajiambia ni siku tatu tu. Usiku wa pili nikasikia redio inasoma taarifa ya habari mle chumbani, na mtangazaji ananitaja kwa jina. Nikainuka kuizima. Niliitafuta chini ya kitanda, kabatini, nyuma ya pazia. Sikuwa na redio. Dada yangu alikuwa na ufunguo wa akiba, na kwa sababu hiyo peke yake leo nakujibu.

Kwa hiyo kabla ya kikundi, daktari. Mwambie kiasi unachokunywa hasa, si kile tulichozoea kuwaambia. Kama umewahi kupata degedege, anza na hilo. Anaweza kukupa dawa za kushusha arosto taratibu kwa siku chache pamoja na vitamini B1, na yeye ndiye ataamua kama ulale hospitali au ubaki nyumbani ukiwa na mtu. Msomaji anayetumia vidonge vya kutuliza vya jamii ya diazepam, haya yanakuhusu nawe: havikatwi ghafla. Na wewe wa heroini, hatari yako kubwa iko mbele kidogo. Ukikaa safi wiki chache kisha ukarudia kipimo chako cha zamani, mwili hauwezi tena kukibeba. Wengi tumewazika hapo.

Ama aibu ya mikono, iache mlangoni. Kikundi chenye akili hakimdai mgeni siku safi kabla ya kumpa kiti. Vingi huomba tu usije umelewa.

Sasa tuje kwenye swali lako. Mimi nina miaka kumi na moja bila tone, na nimepita vikundi vinne, kimoja chenye Mungu na vitatu visivyo naye. Kwa hiyo nina upendeleo wangu hapa na pale, nawe utauona.

Kwanza nikupe asili ya mambo, maana inasaidia. Alcoholics Anonymous, mama wa hivi vyote, ilianza mwaka 1935 kule Akron, Ohio, na Hatua Kumi na Mbili zikachapishwa mwaka 1939. Neno Mungu limo, lakini limefuatiwa na maneno “kadiri tulivyomwelewa”, na maneno hayo hayakuingia kwa bahati. Miongoni mwa wale wa mwanzo walikuwamo wasioamini, nao walibishana hadi yakawekwa. Sharti la uanachama ni moja, kutaka kuacha kunywa. Tangu mwaka 1975, pale Chicago, kumekuwa na vikundi vya AA vya watu wasioamini, vinavyokutana bila sala. Nakuambia hivi kwa sababu huenda kilichokushinda si AA yote, ni chumba kile na mzee yule. Kama ulikuwa na marafiki mle, usikate kamba. Kuna watu wanaohudhuria kwingine Jumatatu na kurudi kwa rafiki zao wa Hatua Alhamisi, na hakuna aliyewafukuza.

Wasioridhika na njia ile walianza kutengeneza zao. Jean Kirkpatrick, mwanamke aliyeona mpango ule umekatwa kwa kipimo cha wanaume, alianzisha Women for Sobriety katika miaka ya 1970. Mwaka 1985 James Christopher akaanzisha kikundi cha kuacha pombe bila dini, na humo ndimo LifeRing ilikochipuka miaka ya 1990. SMART Recovery nayo ilipata jina hilo mwaka 1994.

Tofauti ya hivi viwili vyako huihisi ndani ya dakika kumi za kwanza. SMART ni kama darasa la jioni lenye mwalimu mpole. Kuna mwezeshaji aliyepata mafunzo, kuna zana, kuna kalamu. Mambo yao ni manne: kujenga na kulinda nia, kukabili hamu inapopanda, kushughulika na mawazo, hisia na mienendo, kisha kupata maisha yenye uwiano. Hawakulazimishi kujiita mlevi, na hawakutarajii kuhudhuria hadi kufa. Ukishapata ulichokitaka unaweza kuondoka ukiwa umeshukuru. LifeRing hakuna darasa. Mtu anauliza, “Wiki yako ilikuwaje?” na mzunguko unaanza: nini kilitokea, nini kinakuja wiki ijayo, utakivukaje bila kunywa. Wao wanasema ndani ya kila mmoja wetu kuna nafsi mbili, ya uraibu na ya uzima, na kazi ya mkutano ni kuilisha hii ya pili. Mpango unajitungia mwenyewe.

Mimi nilianzia kwenye zana na sijutii. Jioni ya tatu mwezeshaji, mama mmoja, alitugawia karatasi yenye vyumba vinne: faida za kunywa, hasara za kunywa, faida za kuacha, hasara za kuacha. Chumba cha hasara za kunywa nilikijaza hadi nikaandika pembeni. Chumba cha faida za kunywa nikaacha kitupu, nikaona nimekuwa mwanafunzi bora. Yule mama akanirudishia karatasi. “Miaka kumi na tano ulikuwa unakunywa bure?” Nikakaa nayo muda mrefu, wenzangu wameshamaliza, kisha nikaandika maneno mawili: *Inaninyamazishia kichwa.* Tukaambiwa tuweke alama kwenye kila jibu, la muda mfupi au la muda mrefu. Hilo langu likawa la muda mfupi, kama saa mbili hivi. Tangu siku hiyo nilijua kazi yangu ni nini, yaani kutafuta kitu kingine cha kunyamazisha kichwa. Pombe ilikuwa dawa mbaya ya ugonjwa wa kweli.

Wewe ukiwa mtu wa kutaka kujua “nafanya nini saa hii ninapotetemeka”, anza na SMART. Ukiwa mtu wa kuponywa na mazungumzo, anza na LifeRing. Hicho cha tatu kisicho na jina sikidharau. Nimeona watu sita kwenye video wakishikana kuliko ukumbi wenye watu hamsini. Lakini waulize: kiongozi wenu akiteleza, nani anaongoza wiki ijayo? Wakiangaliana kwenye skrini na kucheka, kikundi ni cha mtu mmoja, na akianguka yeye mnaanguka wote.

Lakini hayo yote ni ya juujuu. Kipimo changu ni kimoja, nami hukitumia hata leo nikialikwa mahali: nangoja aje mtu aliyeanguka, nione wanampokeaje.

Nilikaa miezi mitatu katika kikundi kimoja kilichojivunia sana kutokuwa na dini. Kila mtu alitaja siku zake, wengine wakapiga makofi. Siku moja mwanamume mmoja, fundi, aliyekuwa na siku mia mbili na kitu, akasema, “Leo ni siku ya kwanza.” Makofi hayakupigwa, na wala hakuna aliyemtukana. Watu walitazama viatu vyao, kisha msimamizi akasema “Asante kwa kutushirikisha” na kumgeukia anayefuata. Ilichukua kama sekunde nane. Fundi yule alibaki amekunja kofia yake mikononi hadi mwisho, akaondoka, na hatukumwona tena. Mungu hakutajwa mle ndani hata mara moja, lakini dhambi ilikuwapo. Hukumu haihitaji sala.

Kikundi nilichohamia kilikuwa na kijana aliyekuja na habari hiyohiyo. Mwezeshaji akasogeza kiti chake mbele. “Karibu. Glasi ya kwanza ilikuwa saa ngapi?” Saa kumi na mbili jioni, Jumamosi. “Na saa kumi?” Alikuwa njiani. “Na saa sita?” Kijana akafikiri. Saa sita alikuwa amegombana na kaka yake kwa simu, akakata, na hakula chochote tangu hapo. Wakarudi nyuma hivyo, saa kwa saa, watu wengine wakiingiza yao: mimi pia njaa, mimi pia nikikata simu. Ilipofika mwisho ilionekana wazi kwamba alianza kunywa saa sita mchana. Glasi ndiyo iliyochelewa. Akaandika mambo mawili ya kufanya siku nyingine akigombana na mtu: kula, na kumpigia Fulani kabla hajatoka nyumbani. Fulani alikuwa amekaa palepale, akampa namba yake. Mwanangu, ukiona hivyo, vua koti ukae.

Kwa sababu hiyo usihukumu kwa mkutano mmoja. Nenda mara tatu au nne kila mahali. Huenda siku ya kwanza hakuna aliyeanguka, au msimamizi ana homa, au wewe mwenyewe unachukia kila mtu, jambo ambalo wiki za mwanzo ni la kawaida. Ukiona kungoja ni kurefu, uliza moja kwa moja: “Mtu akinywa, inakuwaje hapa?” Majibu yatatofautiana kuliko unavyodhani.

Ujihadhari pia na kikundi kisicho cha dini ambacho kazi yake ni kuisema dini. Niliwahi kuhudhuria kimoja ambacho saa nzima ilikwisha kwa kumsema Mungu. Alitajwa mara nyingi kuliko kule nilikotoka! Nilitoka na hamu yangu ya kunywa vilevile, imeongezeka na hasira. Kutofungamana na dini maana yake ni kwamba imani ya mtu, iwepo isiwepo, inabaki mfukoni mwake. Jirani yako kwenye kiti anaweza kuwa ametoka kusali sasa hivi. Haikuhusu, na yeye yako hayamhusu.

Jambo la dawa ulipe uzito. Kuna dawa za kusaidia walioacha pombe, kama naltrexone, na kwa heroini kuna methadone na buprenorphine. Kila kikundi, chenye dini na kisicho nayo, kinaweza kuwa na mjuaji atakayekuambia kwamba anayemeza dawa hajawa safi. SMART msimamo wao uko wazi kwamba dawa za daktari ni halali yako, na LifeRing hawahesabu dawa ya matibabu inayotumiwa kama ilivyoandikwa kuwa ni kurudia uraibu. Pa kukataa ni popote unapoambiwa uache kidonge na mtu asiyekiandika.

Halafu uulize lengo lao. LifeRing ni kuacha kabisa. SMART wanaelekeza kwenye kuacha, lakini humkaribisha hata asiyejua bado anataka nini. Kuna Moderation Management ya watu wanaotaka kupunguza, nayo huanza kwa kukutaka ukae siku 30 bila pombe. Kwa mikono unayoielezea wewe, sikushauri hiyo ya kupunguza, wala sitazunguka hapo.

Utasikia pia ubishi wa ipi inafanya kazi. Mwaka 2020 Cochrane, mtandao wa watafiti wanaopima ushahidi wa tiba, walipitia tafiti 27 zenye watu zaidi ya elfu kumi, wakakuta kwamba AA na tiba za kumwelekeza mtu huko hufanya vizuri sawa na tiba nyingine au kuzishinda kwa watu kukaa bila pombe kabisa. Kwa hiyo asikudanganye mtu kwamba wale wa Hatua wanapoteza muda. Mwaka 2018 ulitoka utafiti uliofuata watu 647 kwa mwaka mzima, wakiwamo wa Women for Sobriety, LifeRing, SMART na wa Hatua. Waliojihusisha kwa dhati walinufaika karibu sawa popote walipokuwa, ukizingatia pia nani alikuwa na nia ya kuacha kabisa. Mimi nalichukua hivi: kikundi bora ni kile utakachokwenda na kusema ukweli ndani yake. Ukiangalia saa ya ukutani, wewe hupo pale.

Na kuhusu saa, chagua inayokutana wakati wako mbaya. Mimi wakati wangu ulikuwa saa kumi na moja jioni, kutoka kazini. Kikundi kizuri cha Jumapili asubuhi hakikunisaidia kitu, asubuhi za Jumapili nilikuwa malaika. Nilihamia kilichokutana saa kumi na moja na nusu, watu wake wa kawaida tu, na kwa saa moja kila Jumanne na Ijumaa nilikuwa mahali ambapo mkono hauwezi kufika kwenye chupa. Hamu kwa kawaida hupanda na kushuka ndani ya nusu saa hivi kama hukuilisha. Mkutano ni mrefu kuliko hamu.

Tahadhari moja ambayo watangazaji wa vikundi hivi hawaisemi. Kwa SMART na LifeRing hakuna mlezi. Wewe utashusha pumzi, najua, baada ya yule mzee. Lakini maana yake ni kwamba hakuna aliyepewa kazi ya kukupigia simu. Ukipotea wiki mbili, kila mtu atadhani mwingine amekutafuta. Kwa hiyo namba za simu omba mwenyewe, siku ya kwanza, za watu wawili, na wapigie siku ambayo huna shida yoyote, uzoee sauti zao. Mimi nilihifadhi namba ya mama mmoja kwa miezi minne bila kumpigia. Usiku nilioihitaji, niliona haya kuanza na “Samahani, unanikumbuka?” Nikanywa.

Dada zangu mnaosoma pembeni, nanyi neno moja. Kila kikundi cha aina hii, chenye sala au bila, huwa na mwanamume mwenye miaka mingi safi anayewaonea huruma sana wageni wa kike. Hata msaada wake uwe mtamu namna gani, namba zenu za mwanzo ziwe za wanawake.

Ama kiburi. Huyo mzee alikosea, lakini sidhani alikosea kwa ubaya. Yeye aliokolewa na kamba moja na hajui nyingine. Kutoamini si kiburi. Kiburi, kama unacho, kiko kwenye mpango wa Ijumaa: kujifungia, usionekane, utokee Jumatatu umeshapona. Mpigie daktari kabla ya Ijumaa. Kama mwili utakubali na daktari akaruhusu, Jumatatu nenda kwenye SMART, ukae karibu na mlango ikibidi. Kisha niandikie.

SWALI: Mama, mimi ni mtu wa sala. Mume wangu ana miezi minne hajanywa, namshukuru Mungu, lakini kikundi anachokwenda hakina dini kabisa. Naogopa wanamng'oa imani. Kila Jumanne akirudi namuuliza wamemwambia nini, naye ananyamaza, tunalala tumenuniana. Nimkataze?
Mke wa Jumanne

JIBU: Usimkataze, bibi wee! Miezi minne!

Anaponyamaza hakufichi imani mpya. Mle ndani wamekubaliana kwamba yanayosemwa hayatoki nje, na humo yamo ya watu wengine, pengine unawafahamu. Akikusimulia leo ya mwenzake, kesho ya kwake yatasimuliwa. Badala ya “wamekuambia nini”, muulize “umechoka?” kisha mwache aoge. Kama imani yake imebadilika atakuambia mwenyewe, na hayo ni mazungumzo ya watu wawili wazima wasiolewa, ambayo miaka iliyopita hukuweza kuyapata.

Nawe tafuta pako. Kwa kuwa unapenda sala, Al-Anon itakufaa. Ipo tangu mwaka 1951, ni ya familia za walevi, na inafuata Hatua zilezile. SMART nao wana mikutano ya jamaa na marafiki inayotumia mbinu zinazoitwa CRAFT: namna ya kusema na mtu akiwa mzima na kuacha kusema naye akiwa amelewa, namna ya kuzifanya saa zake safi ziwe tamu, na namna ya kuacha kumrekebishia mabaya anayoyasababisha. Nyumba yenye vikundi viwili, kimoja cha sala na kimoja bila sala, haina kasoro.

SWALI: Shikamoo. Hapa nilipo hakuna kikundi cha kuacha ulevi kisicho na dini, na mikutano ya video inanichosha, najiona usoni muda wote. Mimi na rafiki yangu mmoja tumeacha bangi na vidonge, yeye miezi saba, mimi sita. Tunaweza kuanzisha chetu? Tuko wawili tu.
Wawili

JIBU: Marahaba. Wawili wanatosha. Kwenye video kuna kitufe cha kujificha uso wako mwenyewe usiuone huku wengine wanakuona, kitafute, maana bado mtahitaji kuona wenye uzoefu wanavyoendesha. SMART hufundisha wawezeshaji kwa njia ya intaneti.

Chagueni siku na saa na msiihamishe, hata mkiwa na uvivu, hata mmoja akisafiri. Anayebaki aende akae. Anzeni na “wiki yako ilikuwaje” na msizidishe saa moja na nusu. Kubalianeni sasa hivi, mkiwa wazima, mmoja akianguka mwingine atafanya nini, mkaandike kwenye karatasi. Mahali pasiwe nyumbani kwa mmoja wenu, ili siku mkigombana kikundi kisikose pa kukaa. Wakija wengine, majina ya kwanza yanatosha, na kitabu cha mahudhurio msiweke.